Mama Mabaki na Kadi Zisizoandikwa Jina

Mwanamke tuliyemleta hapa leo aliitwa Mama Mabaki kiwandani, Dada kwao alikozaliwa, na Mama katika nyumba aliyofia. Aliitikia majina yote matatu, ila la kwanza aliliitikia kwa kicheko. Aliagiza mwenyewe, ulimi ukiwa mzito kwa maradhi lakini akili ikiwa timamu, kwamba siku hii ikifika asomewe jinsi alivyoishi. "Msinipambe," alisema. "Kupamba ni kazi yangu, na mimi sitakuwepo." Basi haya yameandikwa bila mapambo, na atakayechomwa atuvumilie.

Alizaliwa siku ya Jumanne, tarehe 9 Agosti 1960, alfajiri, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli. Alikuwa wa kwanza kati ya watoto wawili. Baba yake alikuwa kondakta wa treni, mtu wa safari, ambaye wanawe walimjua zaidi kwa kofia iliyoning'inia nyuma ya mlango kuliko kwa sura. Mama yake alifua mashuka katika nyumba ya wageni ya reli, na kila siku alijifunga kichwani kitambaa kimoja cha buluu chenye madoa meupe. Tarehe 30 Septemba 1963 akazaliwa mdogo wake, msichana, na kuanzia siku hiyo marehemu akawa na kazi. Alimbeba mdogo wake mgongoni mpaka miguu ya mtoto ikaanza kuburuzika chini. Jirani mmoja akawaona wakipita akauliza, "Jamani, hapo nani anambeba nani?" Marehemu alipenda kulirudia swali hilo katika maisha yake yote, na kila mara alilicheka. Mwaka huu aliacha kulicheka.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1968 hadi 1974. Mkono wake ulikuwa mwepesi kwenye kuchora, na akiwa darasa la tano mwalimu wa jiografia alimpandisha juu ya meza mbili achore ramani ya dunia kwenye ukuta wa darasa la nne. Kazi ilikuwa inakwisha pale tone la rangi ya kijani lilipodondoka katikati ya bahari. Alipojaribu kulifuta likazidi kuenea. Basi akalizungushia ufuo, akaweka na mti mmoja juu yake, likawa kisiwa. Miaka miwili baadaye alihamishiwa pale mwalimu mpya, akagonga fimbo kwenye kile kisiwa na kuliuliza darasa, "Hiki kinaitwaje?" Watoto kimya. Mwalimu naye hakujua, lakini angeanzia wapi kusema? Akawaambia waende wakaulize nyumbani. Kesho yake vililetwa visiwa kumi na kimoja kwa majina. Mwalimu akachagua kimoja na darasa zima likanakili daftarini.

Katika darasa lile alikuwemo mdogo wa marehemu. Alijua kila kitu, na alijifanya hamnazo, asije akamtia dada yake matatani. Jioni alisimulia kitandani, wakacheka wote wawili chini ya shuka moja mpaka mama yao akagonga ukuta. Hilo nalo limeandikwa hapa, kwa sababu ni kweli na kwa sababu marehemu alitaka liandikwe. Tangu siku ile alikuwa na kanuni moja: tone halifutwi, tone hugeuzwa kitu.

Alifaulu mtihani wa darasa la saba. Barua ya kujiunga na sekondari ilifika tarehe 6 Januari 1975. Tarehe 9, siku ya Alhamisi, mama yake aliteleza kwenye ngazi za nyumba ya wageni na karai la mashuka mikononi, akaanguka kwa mgongo, na miguu yake haikumtii tena. Hakuna kikao kilichokaa wala mtu aliyemwambia neno. Aliiweka barua chini ya godoro, akawasha jiko. Kwa miaka sita na ushee alimgeuza mama yake kitandani asubuhi na jioni, akamwosha, akamlisha, na kila asubuhi kabla ya yote alimsuka mdogo wake na kumsindikiza hadi njia panda ya shule. Mama yao alifariki tarehe 2 Juni 1981. Vitu vyake vilikuwa vichache, vikagawanywa mchana mmoja. Mdogo akasema, "Mimi niachieni saa ya ukutani. Kile kitambaa chukua wewe, dada, kimeshachakaa." Marehemu akakichukua.

Tarehe 1 Septemba 1981 aliajiriwa katika nyumba ya kupiga chapa, idara ya kukunja. Kazi ilikuwa kuzikunja karatasi zilizotoka mashineni, kuzilaza kwa kipande cha pembe kilicholainika kama sabuni, kuzipanga na kuzishona. Aliifanya kazi hiyo miaka thelathini na minne, na vidole gumba vyake viwili vilibaki bapa hadi anafariki. Chini ya mashine ya kukatia karatasi palikuwa na pipa la mabaki, vipande vya karatasi ngumu, vingine vyembamba kama rula, vingine vipana kama kiganja. Jioni wenzake walipokuwa wakinawa wino, yeye aliinama kwenye pipa. "Mama Mabaki," msimamizi alimtania, "leo pipa limekuachia urithi gani?" Jina likaganda hapo.

Kadi yake ya kwanza ilikuwa ya mkata karatasi. Mwezi Machi 1983 mashine ilimchukua vidole viwili na nusu vya mkono wa kushoto. Aliporudi kazini hakuna aliyejua la kumwambia. Watu walizungumza naye wakitazama viatu vyake. Alikuwa akija na shati wazi kifuani, maana vifungo vilimshinda na msaada hakuutaka. Marehemu aliliona hilo. Akachukua kipande cha karatasi ngumu, akabandika ukurasa wa kalenda ya zamani, akachora juu yake mlango mwekundu ulioachwa wazi kidogo, na chini akaandika: "Anza na kifungo kimoja." Alimwekea juu ya mashine, akaenda zake. Mkata karatasi aliisoma akiwa amesimama. Kisha, mbele ya watu wote, akaanza kufunga shati lake. Mapumziko ya chai yaliisha kabla hajafika cha mwisho, na hakuna aliyekunywa. Alipomaliza akageuka: "Haya, na kamba za viatu nani atanifungia?" Ndipo watu wakacheka na kumzunguka. Kadi ile ilikaa juu ya mashine mpaka mashine yenyewe ilipouzwa.

Tangu hapo hakuacha. Kadi moja ilimchukua siku nne. Siku ya kwanza alipaka kipande chake chokaa nyembamba iliyochanganywa na gundi, ili karatasi isiinywe rangi. Siku ya pili alibandika kurasa za vitabu vilivyokosewa, tiketi, stempu, karatasi za sukari. Vyote alivichana kwa mkono, mkasi hakuugusa, kwa kuwa ukingo uliochanwa una manyoya na rangi huyashika. Gundi yake ilikuwa uji wa unga wa ngano. Siku ya tatu ilikuwa ya rangi: rangi za maji, wino uliobaki kwenye makopo ya kiwandani, na chai ya jana pale alipotaka karatasi ionekane imeishi. Aliposugua kipande cha mshumaa, rangi ilikataa kushika na pakabaki mwanga. Aliponyunyiza chumvi juu ya rangi mbichi, pakatokea nyota. Siku ya nne, na si kabla, aliandika neno. Maneno yake hayakutoka vitabuni. Muuguzi aliyechoka aliandikiwa, "Keti, kitanda hakikimbii." Msichana aliyeachwa na mchumba aliandikiwa, "Chai bado ni tamu." Mwanafunzi aliyeanguka mtihani aliandikiwa, "Kalamu haijaisha wino."

Hakuandika jina la mpokeaji wala jina lake. Alisema kadi inayomjua mtu haina haja ya kumwita. Hilo lilikuwa kosa lake, na alilikiri mwenyewe kabla ya kufa.

Mwaka 1985 alivuka barabara mbele ya lango la kiwanda, akaingia kwa fundi cherehani.

"Fundi, vile vipande chini ya mashine una kazi navyo?"

"Vya kufutia mafuta. Wewe vya nini?"

"Vya kadi."

Akapewa. Wiki iliyofuata akaja tena, na nyingine tena. Mara ya nne fundi akaizima cherehani. "Dada, kila wiki unabeba mabaki yangu. Si ubebe na mwenye mabaki?"

"Wewe hutoshi kwenye kadi."

"Kwani kazi yako si kukunja? Nikunje."

Alicheka hadi ng'ambo ya barabara. Walifunga ndoa siku ya Jumamosi, tarehe 12 Aprili 1986. Kadi za mwaliko alizichora yeye, hamsini, kila moja na sura yake, na wageni nusura wagombane mlangoni kila mtu akitaka ya mwenzake. Walikaa miaka tisa wakingoja mtoto. Katika miaka hiyo alitengeneza mamia ya kadi za watu na hakujitengenezea hata moja. Siku moja ya mwaka 1991, siku ambayo hakutaka kuamka kitandani, mume wake aliketi kwenye cherehani akamshonea moja, kitambaa juu ya kitambaa, herufi zimekwenda upande: "Twende tu." Marehemu aliifunga ndani ya mlango wa kabati. Ndiyo kadi pekee aliyopokea maishani mwake. Binti yao alizaliwa tarehe 3 Novemba 1995.

Inabaki habari ya kile kitambaa cha buluu. Mwaka 1984 mdogo wake alipoanza kazi ya ualimu, marehemu alikitandaza mezani akakikata vipande arobaini, kila kimoja kama stempu mbili. Kila tarehe 30 Septemba, siku ya kuzaliwa mdogo wake, alimtengenezea kadi, na kwenye pembe ya chini, upande wa kushoto, alibandika kipande kimoja. Rangi ilipita juu yake lakini madoa mawili matatu meupe yaliachwa yachungulie. Hakumweleza. Mume wake alimshauri amweleze, naye akashangaa. "Nimweleze nini? Mtu atakisahau vipi kitambaa cha mama yake?"

Mdogo mtu alikuwa akijibu kwa simu. "Nimepata, dada. Nzuri mno. Mkono wako jamani! Huwezi kuniongezea mbili tatu?" Marehemu alimwongezea mbili tatu, zisizo na kitambaa, na aliimba akiwa anazitengeneza, kwa furaha ya kuombwa. Mwaka 2004 mdogo wake akawa mwalimu mkuu. Desemba 2009 marehemu alimtembelea. Akiwa sebuleni alizungusha macho kuta zote nne, na saa ya mama yao ilikuwepo, lakini kadi hata moja hakuiona. "Nimeziweka kabatini, dada," mdogo alisema, "huku nje vumbi lingezila." Marehemu alirudi nyumbani moyo umemjaa. Kabatini ni mahali pa heshima.

"Kadi ishirini na sita kabatini, mbali na za nyongeza?" mume wake aliuliza. "Hilo kabati au stoo?"

"Wewe shona," akamjibu.

Alistaafu mwaka 2015 na kuendelea na kadi kwenye meza ya jikoni. Tarehe 17 Januari 2023, siku ya Jumanne, alipokuwa akikoroga uji wa gundi, kijiko kilimtoka mkononi na hakuweza kukiokota. Kiharusi kilikuwa kimepita upande wake wa kulia, mkono ule ule wa kuchorea. Alilazwa wodi ya wanawake, kitanda namba kumi na moja. Mdogo wake alipewa habari siku ile ile. Alisikitika sana kwenye simu, akasema atakuja.

Alikuja siku ya Jumatano, tarehe 8 Februari, saa kumi jioni, na walimu wawili. Saa hiyo marehemu alikuwa kwenye chumba cha mazoezi, akifundishwa kushika mpira. Aliporudishwa kwenye kiti cha magurudumu, binti yake akikisukuma na mtoto mgongoni, alikuta mfuko wa machungwa juu ya kitanda. Kitanda namba kumi na mbili kilikuwa na mwalimu aliyevunjika nyonga, mama mcheshi ambaye wodi nzima ilimpenda.

"Kumbe mwalimu mkuu ni mdogo wako!" akasema. "Mbona kimya hivyo, mama? Amekungoja dakika tano nzima, akaona muda unakwenda. Kasema umsamehe, atarudi."

"Alikuja kuniona?"

"Alikuja kuniona mimi, halafu akasema na dada yake yumo humu humu. Ndugu yako ana moyo, yule! Hebu tazama alichoniletea. Kaitengeneza mwenyewe kwa mikono yake."

Ilikuwa kadi ya Septemba 2017. Daraja lake lilikuwa kipande cha futi ya fundi cherehani, mto wake ulikuwa chai na wino, na neno lake lilikuwa, "Umefika mbali, kaa kidogo." Pembeni chini, upande wa kushoto, yalichungulia madoa mawili meupe.

Marehemu aliishika kwa mkono wa kushoto. Binti yake aliona kidole gumba kinapita juu ya kile kitambaa, taratibu, kikirudi na kwenda.

"Alisema katengeneza yeye?" aliuliza. Ulimi ulimpa kazi kulimaliza swali hilo.

"Sasa nani mwingine? Shuleni kwetu ukiugua unapata, ukistaafu unapata, ukifiwa unapata. Ukuta wa ofisi ya walimu umejaa. Tunamwuliza, mwalimu mkuu, muda unautoa wapi? Anacheka tu." Mwalimu akajiweka sawa kwenye mto. "Wewe dada yake bila shaka unazo tele."

"Ninayo moja," marehemu alisema. "Ya kitambaa. Alinishonea mume wangu."

Akamrudishia kadi yake. Akamwambia ni nzuri.

Nje kwenye korido binti yake alisimamisha kiti. "Mama, nimwambie yule mwalimu? Sasa hivi. Na mama mdogo nitampigia, anisikie."

"Usimwambie mgonjwa kitu."

"Mama, lakini ni yako!"

"Ukimwambia, itabaki karatasi na uji wa ngano mkononi mwake. Usiku anaiegemeza kwenye glasi ya maji ndiyo alale. Mwache alale." Akapumua kwanza, kwa sababu maneno marefu yalimchosha. "Kosa ni langu. Nilidhani kile kitambaa kinasema chenyewe."

Siku ile hakula. Machungwa aliyagawa wodini, moja moja, na halikubaki la kwake.

Aliruhusiwa kurudi nyumbani siku ya Ijumaa, tarehe 24 Februari. Kesho yake aliomba meza. Kipande cha arobaini cha kitambaa cha mama yake kilikuwa kimebaki peke yake ndani ya kopo la vifungo. Safari hii Septemba hakuingoja. Mume wake alikoroga gundi, ikatoka nzito, akaambiwa, "Unataka kubandika ukuta?" Hiyo ndiyo mara ya mwisho marehemu kutania. Binti yake alishikilia karatasi isihame, naye akafanya kazi kwa mkono wa kushoto, mkono usiojua. Kazi ya siku nne ikamchukua siku tisa. Alichora ukuta wa darasa, na juu yake ramani. Alipokuwa anafika baharini mkono ukaruka, na tone kubwa jeusi la wino likaanguka katikati.

Binti yake alimtazama akingoja. "Tuligeuze nini, mama? Kisiwa?"

"Liache."

"Hata ndege mdogo?"

"Liache. Tone ni tone."

Mbele ya kadi hiyo hakuandika neno. Aliigeuza, akaomba penseli, akaandika kwa nyuma, herufi kubwa za kuyumba kama za mtoto wa darasa la kwanza. Ikatiwa kwenye bahasha.

Kitu kimoja tu alikitaka baada ya hapo: mdogo wake aje, peke yake, bila walimu, aipokee mkononi mwake. Hakutaka ipelekwe. "Zote nilizipeleka," alisema. "Hii aifuate." Mdogo alipigiwa, akaahidi Jumapili, bila kukosa. Jumapili ya tarehe 5 Machi marehemu aliogeshwa mapema, akavishwa gauni lake la kijani, kiti chake kikageuzwa kuelekea mlangoni, bahasha ikiwa pajani. Saa tisa simu ililia: wakaguzi wamekuja ghafla shuleni. Jumapili ya tarehe 12 aliogeshwa tena, akavishwa tena. Simu ikalia: kuna hafla ya kumuaga mwalimu anayestaafu, na mwalimu mkuu hawezi kukosa. Marehemu aliuliza swali moja tu: "Atampa kadi?" Jumapili ya tarehe 19 simu haikulia. Saa kumi na mbili jioni aliomba kiti kigeuzwe kielekee dirishani, na tangu siku hiyo hakuomba kigeuzwe tena.

Alifariki siku ya Alhamisi, tarehe 23 Machi 2023, saa nne na robo asubuhi, kwa kiharusi cha pili. Mume wake alikuwa amemshika mkono wa kulia, ule usiosikia. Mjukuu wake alikuwa mkekani akichezea brashi kavu. Mdogo wake alipigiwa simu, na siku hiyo alifika ndani ya saa moja, na walimu wawili.

Jana, Ijumaa, alikuja msibani yule mwalimu wa kitanda namba kumi na mbili, akitembelea magongo. Akaketi jikoni kwa kuwa ndiko kulikokuwa na kiti cha juu. Aliyaona makopo ya wino, mshumaa, bakuli la chumvi, na kadi sita ambazo hazijaandikwa neno. Alizitazama moja moja. Baadaye akafungua mkoba, akaitoa ile kadi ya daraja na kuiweka mezani. "Baba, nisameheni," akamwambia mume wa marehemu. "Hii ni ya hapa."

Fundi aliitazama futi yake ya zamani. "Ondoka nayo, mwalimu," alisema. "Mwenyewe alisema inakulaza usingizi."

Marehemu ameacha mume, waliyeishi naye miaka thelathini na saba kasoro siku chache. Binti mmoja, mkwe mmoja, na mjukuu mmoja wa kiume mwenye umri wa mwaka mmoja na miezi miwili. Ameacha mkata karatasi, ambaye leo amekuja na shati lililofungwa hadi kooni. Ameacha kadi nyingi zisizohesabika katika nyumba za watu, na kila aliye nayo sasa anajua ilitoka mkononi mwa nani. Na ameacha mdogo wake mmoja.

Kadi ya arobaini iko hapa, ndani ya bahasha, mikononi mwa binti yake. Marehemu aliagiza kwamba kama haikufuatwa akiwa hai, itolewe leo, mbele ya wote, baada ya kusomwa haya, na yaliyoandikwa nyuma yasomwe kwa sauti. Mbele haina neno. Nyuma imeandikwa hivi:

"Mdogo wangu. Hiki ni kitambaa cha mama. Usimpe mtu."

Mkono wake sasa umetulia. Naye apate huko aendako ile amani aliyoingoja Jumapili tatu mlangoni kwake.